Feri na dada aliyetulisha

Ukitaka kuijua Feri ya Dar es Salaam, usiende saa nne asubuhi. Nenda alfajiri. Shuka kituo cha mwisho cha mwendokasi pale Kivukoni, vuka barabara kwa uangalifu maana bodaboda na mikokoteni havisubiri mtu, kisha fuata harufu. Huna haja ya kuuliza njia.

Upande mmoja pantoni linajaza watu wa Kigamboni. Upande wa pili boti zilizolala baharini zinashusha samaki: changu, tasi, kolekole, jodari, kibua, pweza waliojazwa kwenye ndoo. Mnada ukianza, hata ukipigiwa simu hutasikia. Hatua chache kutoka hapo ni Ikulu ya Magogoni, kimya na miti yake, lakini kelele za dalali haziogopi ukuta wa mtu.

Rafiki yangu alikuwa mama lishe hapa. Alifariki mwaka jana akiwa na miaka 43, akaacha watoto watatu. Familia imeniomba nisimtaje jina, nami nimekubali. Mimi nilimwita dada. Makuli na wavuvi walimwita shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Tulijuana nikiwa mwanafunzi, nafanya mafunzo kwa vitendo katika chumba cha habari hapo mjini, mfukoni nina nauli tu. Alinipakulia wali na kibua, akaandika kwenye daftari lake, wala hakuniuliza nitalipa lini. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutembeleana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kununua samaki. "Mdogo wangu, samaki muulize macho," alikuwa akisema. Macho yawe maangavu na yametokeza, si yaliyoingia ndani na kuwa na ukungu. Funua mashavu, uone wekundu. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikirudi, nunua, ikibaki shimo, endelea na safari yako.

Kwa kibua na jodari alikuwa mkali zaidi. Aliyelala juani, alisema, anawasha mdomo hata umkaange mpaka awe mkaa. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni kweli tupu: samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, hujijengea kemikali iitwayo histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtoto akila hupata vipele, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma au kutapika. Mzazi, ukionja kibua ukahisi ulimi unawasha kama umelamba pilipili, usimpe mtu.

Siku yake ilianza saa tisa usiku. Alivuka na pantoni, akaingia mnadani, akawasha moto. Ifikapo saa moja asubuhi supu ilikuwa tayari, saa sita wali, ugali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga kwenye karai. Kila chungu alikionja chumvi mwenyewe. Yeye alikula mwisho, kama saa kumi jioni, amesimama, ukoko na mchuzi wa chini ambao chumvi yote imekimbilia huko. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Dada alikuwa akizipita kabla jua halijazama.

Presha yake ilijulikana. Alipimwa siku moja ya upimaji wa bure, ikasoma 160 kwa 100, wakati kuanzia 140 kwa 90 tayari ni ya juu. Alipewa dawa, akameza zikaisha, akajisikia mzima. Hapo ndipo ugonjwa huu unapokula watu, kwa sababu mara nyingi hauumi popote. Nilipomuuliza kuhusu kliniki alinijibu, "Nikikaa foleni mpaka saa sita, hawa watakula nini?"

Wapo wanaosema mama lishe hawajali afya zao. Mimi sikubaliani nao. Samaki ameshanunuliwa na hasubiri kesho, na mteja akikukosa leo, kesho anakula kwa jirani. Hiyo foleni ina bei yake, na anayeilipa ni mtoto anayesubiri ada.

Asubuhi ile alikuwa anageuza samaki, mwiko ukamponyoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito. Wapo waliosema ni upepo mbaya wa baharini, wakamvusha kwenda nyumbani apumzike. Alifika hospitali jioni. Siku ya tatu tukamzika.

Uso kupinda ghafla, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito: hicho ni kiharusi, na saa inahesabu. Kinapotokana na damu kuganda, ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usimlaze nyumbani kwanza. Mpeleke hospitali hapohapo.

Mwezi uliopita nilirudi Feri. Binti yake mkubwa, miaka 19, ndiye anayepakua sasa. Wali wake bado haujawa kama wa mama, na wateja wanamwambia bila haya. Ila ameanzisha jambo na majirani zake wawili: kila mmoja ana siku yake ya kwenda kliniki, na wenzake wanaangalia chungu chake na kumuuzia. Siku niliyofika ilikuwa zamu ya jirani, binti anageuza makarai mawili huku jasho linamtoka.

Alinionyesha daftari la mama. Dada hakuandika majina ya watu. "Boti ya bluu 2,500. Mwenye meno 6,000. Kofia nyekundu 4,000." Wakati wa matanga wengi walikuja wenyewe kulipa, binti akawa anakata mstari kwa kukisia. Mwenye meno hajulikani mpaka leo. Kofia nyekundu alilipa yote, akashukuru sana, akaagiza sahani nyingine ya mkopo.