Bei ya Mzee na bei ya soko

Jamani, kuna habari nimeziandika gazetini mara nyingi bila kujua zinauma kiasi gani, mpaka moja ilipopiga hodi nyumbani kwetu Tabata.

Mwaka 2017 Mzee aliamua kuuza nyumba. Alikuwa amestaafu, duka alilolifungulia mkopo lilikuwa limekufa, na hati ya nyumba ilikuwa benki. Akataja bei: milioni 180. Kwa nini 180? Kwa sababu jirani aliuza kwa bei hiyo 2014.

Lakini 2014 haikuwa 2017. Mwaka 2016 fedha za mashirika ya umma zilihamishiwa Benki Kuu, na Julai mwaka huohuo Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Wanunuzi wakaadimika mjini. Kwenye kuta, maandishi ya "nyumba inauzwa" yakaongezeka.

Mwezi wa kwanza akaja mteja na milioni 145. Mzee akacheka. "Hiyo hata matofali yangu hayarudi." Mimi, niliyetoka kuandika wiki hiyohiyo kwamba soko limeshuka, nikanyamaza. Nani amwambie baba yake kwamba jasho lake limeshuka bei?

Akashuka hadi 165, wateja wakataja 135. Akashuka 150, wakataja 125. Kila tulipofika, soko lilikuwa limeshaondoka. Na riba haikulala.

Mwishowe nikafanya nyumbani kazi ninayolipwa kuifanya: nikauliza. Nikamwomba dalali asinitajie bei wanazotaka wenye nyumba, anitajie nyumba tatu zilizouzwa kweli miezi ile, na fedha iliyotoka mfukoni. Akasema 118, 122, 125. Nikaziandika kwenye karatasi, pembeni nikaweka hesabu ya riba ya mwaka mzima, nikampelekea Mzee. Akavaa miwani, akakaa kimya muda mrefu.

"Mwanangu, ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua, baba."

"Sasa mbona ulikuwa unawaambia watu wa gazetini tu?"

Tuliuza milioni 120. Deni likaisha, kilichobaki kikasimamisha vyumba viwili Chanika. Ile tofauti ya milioni 25 na mteja wa kwanza ndiyo bei ya ukimya wangu.

Mnunuzi hanunui kumbukumbu, wala haulizi saruji ulinunua shilingi ngapi. Hilo nililijua tangu mwanzo. Haya, wewe ambaye mzee wako anauza nyumba sasa hivi: umeshamwambia?