Johannesburg Ilipofungwa: Neema Tulizozihesabu



Ndugu wasomaji, mlioko Muscat, London, Toronto na kwingineko, mwezi huu tunakutembezeni katika mitaa yetu ya Johannesburg, na hasa katika mwaka mmoja wa mitaa hiyo ambao hatupendi usahauliwe.

Magharibi ya katikati ya mji kuna Mayfair. Katika Barabara ya Nane maduka ya Wasomali yamesongamana ubavu kwa ubavu: vitambaa, manukato, simu, chai ya viungo, wali kwa nyama ya mbuzi. Kiswahili cha Watanzania, Wakenya na Wakongo husikika hapo kati ya Kisomali, Kiamhari, Kiurdu na Kizulu. Ukielekea mashariki unaingia Fordsburg, ambako kila jioni moshi wa nyama choma hutanda barabarani. Hapo ndipo lilipo Oriental Plaza, soko lililojengwa miaka ya 1970 kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliohamishwa kwa nguvu kutoka Pageview na utawala wa ubaguzi wa rangi. Hii ni mitaa ya watu wanaojua maana ya kuondolewa na kuanza upya.

Mitaa hiyo ilinyamaza usiku wa manane wa Alkhamisi, tarehe 26 Machi 2020. Siku tatu kabla yake Rais Cyril Ramaphosa alikuwa ametangaza amri ya kukaa ndani kwa siku 21 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na amri hiyo ikaja kurefushwa hadi mwisho wa Aprili. Hapana aliyeruhusiwa kutoka ila kwa chakula, dawa au kazi iliyohesabiwa kuwa ya lazima. Hata kunyoosha miguu barabarani kulikatazwa. Askari wa jeshi wakapita mitaani, na misikiti ikafungwa pamoja na makanisa na mahekalu.

Kwa wenye mshahara wa mwezi yalikuwa mashaka. Kwa wahamiaji wengi, wanaokula jioni kile walichokichuma asubuhi, yalikuwa mashaka makubwa zaidi. Msusi wa nywele, fundi cherehani, muuza soksi wa kando ya barabara, wote walijikuta hawana kazi kwa siku moja. Ofisi za kuwapokea wakimbizi zilifungwa. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya randi 350 kwa mwezi mnamo Mei kwa wasio na kipato, waomba hifadhi hawakuwamo katika hesabu.

Tumeyataja haya kwanza kwa makusudi, kwa kuwa shukrani isiyoujua uzito wa mtihani ni maneno ya ulimini tu. Lakini ni kweli pia kwamba ndani ya dhiki ile tulipewa vitu vidogo ambavyo hatukuwahi kuviona kuwa ni neema.

Cha kwanza kilikuwa umeme. Miaka ile tulikuwa tumezoea mgao, mama akiwasha jiko huku akitazama saa. Viwanda na migodi iliposimama, matumizi ya umeme yakapungua, na mgao ukasita mpaka mwezi wa Julai. Taa zikawaka jioni nzima, na nyumba zetu zikawa na watu wote kwa wakati mmoja. Baba aliyekuwa akitoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala, sasa aliwasikia wakisoma alifu na be kwa masikio yake mwenyewe.

Cha pili kilikuwa ukimya. Johannesburg iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na majira yake ya kupukutika majani huwa makavu na maangavu. Magari yalipopungua, mnara wa Brixton ulio kilimani ukaonekana kana kwamba umeoshwa. Tukaanza kumsikia hadeda, ndege mkubwa wa jamii ya kwarara, mwenye sauti ya mtu anayegombana na jirani. Watoto wakawa wanamngojea kila asubuhi na kumwigiza.

Kuanzia tarehe 1 Mei tuliruhusiwa kutembea, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa kuvaa barakoa na bila ya kupita kilomita tano kutoka nyumbani. Ilikuwa Ramadhani. Baada ya daku na sala ya alfajiri, familia nzima ilijifunga makoti na kutoka katika baridi. Watu waliokaa mtaa mmoja miaka kumi bila ya kusemeshana walisalimiana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya barabara. Ni nani kati yetu aliyewahi kudhani kwamba ruhusa ya kutembea hadi mwisho wa mtaa ingemfanya aseme Alhamdulillahi?

Mwezi mtukufu ulikuwa umeingia tarehe 25 Aprili, na misikiti bado imefungwa. Wako Waislamu waliokwenda mahakamani kuomba ruhusa ya sala ya jamaa, na tarehe 30 Aprili Mahakama Kuu ya Pretoria ikalikataa ombi lao. Wengine walihuzunika, wengine waliona kwamba kuhifadhi roho za watu ni katika dini. Jioni za Fordsburg zilikuwa ngeni kabisa, kwani mwezi huo wa Aprili hata chakula kilichopikwa cha moto kilikatazwa kuuzwa madukani. Basi manda za sambusa zikakandwa nyumbani, na vijana ambao hawakuwahi kushika mpini wa mwiko wakafundishwa kukoroga uji. Bakuli likapita juu ya ukuta kwenda kwa jirani, na halikurudi tupu, hata pale ambapo jirani hakuwa Mwislamu.

Tarawehe ikasaliwa sebuleni. Makochi yalisukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa, na kijana wa miaka kumi na mitatu akasogezwa mbele. Alizijua sura fupi tu, na mara nyingine sauti ilimkwama, na mama yake akamkumbusha kutoka safu ya nyuma. Nyumba ngapi za Waswahili ugenini ziligundua mwezi ule kwamba zina imamu ndani yake?

Tulipopiga simu nyumbani tuliona tofauti. Tanzania Bara misikiti ilikuwa wazi, na jamaa zetu wakitusimulia safu zilivyojaa. Mombasa kulikuwa na amri ya kutotoka usiku, na mwezi wa Mei Mji wa Kale ukafungwa kabisa. Kila mmoja alimwombea mwenzake. Ndege zilikuwa hazisafiri, na wako waliofiwa na mzazi wasiweze kwenda kumzika. Kwa hao hatuna la kuongeza ila dua. Nchini humu peke yake hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 100,000.

Jambo moja zaidi lingali mbele yetu. Kushukuru si kunyamaza. Karibu na Fordsburg, mtaani Newtown, upo Msikiti wa Hamidia. Hapo, tarehe 16 Agosti 1908, Wahindi wakiwa na Gandhi walizitia vyeti vyao vya uandikishaji, zaidi ya 2,000, ndani ya sufuria kubwa la miguu mitatu wakavichoma, kwa kuikataa sheria iliyowadhalilisha. Mwezi wa Juni 2020, kituo cha Scalabrini cha Cape Town, chenye asili ya Kikatoliki, kiliwaombea haki waomba hifadhi, na mahakama ikaamua kwamba nao waweze kupewa ile ruzuku. Tukihesabu neema za mwaka ule, na watu hao tuwahesabu, kwani asiyewashukuru watu shukrani yake ina upungufu.

Misikiti ilifunguliwa kwa watu wasiozidi 50 tarehe 1 Juni 2020, na hali ya maafa ikaondolewa Aprili 2022. Leo Barabara ya Nane imerejea katika kelele zake, baba amerudi kutoka kabla ya alfajiri, na majirani wameanza tena kupitana bila ya salamu. Hapo ndipo penye hofu yetu: dhiki imeondoka, na tusipoangalia itaondoka pamoja na mafunzo yake.

Ombi letu kwenu ni dogo. Kila familia na ichague usiku mmoja katika wiki, televisheni izimwe, simu ziwekwe kando, mkeka utandikwe sebuleni, na mtoto asogezwe mbele asalishe. Baada ya sala, kila mmoja ataje neema moja ya siku hiyo, hata ikiwa ni sauti ya ndege. Kisha bakuli lipelekwe kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.