Kutoka Lamu hadi Shela kwa miguu

Msomaji, ukishuka kwenye gati la Lamu utaambiwa upande mashua hadi Shela. Mimi nakushauri utembee. Ni mwendo wa kilomita 3 hivi kando ya bahari, na wanao wataumaliza bila kubebwa.

Lakini kwanza uliza habari za maji. Mimi na binti yangu wa miaka 7 hatukuuliza. Tulipofika katikati ya safari bahari ilikuwa imejaa. Tulivua viatu, nikamshika mkono, mawimbi yakitupiga magotini. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza dau lake alitikisa kichwa. "Mwanangu, si ungengoja maji yapwe?"

Maji hujaa kwa muda wa saa 6 hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo. Kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kusahau hayo kuna hasara. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa vitani hapo Shela. Inasimuliwa kwamba yalipokimbilia vyombo vyao yalivikuta vimekwama mchangani, maji yamekupwa!

Shela utaona mnara wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka wa 1829, na mbele yake vilima vya mchanga na ufuo mrefu wa kuwachosha watoto.

Sisi tulirudi jioni, maji yakiwa yamekupwa. Safari hii tulikuwa tumemuuliza nahodha kwanza.