Baiskeli ya Kwanza

Baadhi yenu humtania mwanangu kwa lile kovu la kidevuni. Kosa lilikuwa langu.

Alipotimiza miaka 9 alitaka BMX, ile yenye magurudumu ya inchi 20 ambayo vijana wa Mbagala huirusha juu ya vifusi. (Mchezo wenyewe ulianzia California, Marekani, miaka ya 1970, na mwaka 2008 ukaingia Olimpiki ya Beijing.) Mimi nilijifunzia Phoenix kubwa, nikipitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa siti sikuifikia, basi nikadhani hii ndogo haina hatari. Nikanunua ya mtumba kwa kupenda wekundu wake. Siku ya nne fremu ikakatika shingoni, mtoto akiwa mteremkoni. Chini ya rangi palikuwa pamewahi kuchomelewa.

Ya pili alituchagulia fundi wa mtaani. Aliipindua magurudumu juu, akayazungusha kuona kama rimu zinayumba, akapitisha kidole kwenye kila kiungo cha fremu, akabana breki huku akiisukuma. Rangi hakuiangalia kabisa. Kisha akashusha siti mpaka nyayo za mtoto zikagusa ardhi.

Tulianzia uwanja wa mpira, si Barabara ya Kilwa, akijisukuma kwa miguu bila kukanyaga pedeli. Kuruka nilimkataza mpaka ajue kusimama.

Sasa anaruka. Nami nikisikia cheni inalia nje, hutoka kuchungulia.