Njia ya Bububu na Majumba Yake

Muhula huu sisi wanafunzi wa Historia wa Kidato cha Nne tulipata bahati ya kuvuka bahari kwenda Unguja pamoja na walimu wetu wawili. Habari za Forodhani na Ngome Kongwe zimekwisha kuandikwa mara nyingi katika gazeti letu hili, kwa hiyo mimi nitawaelezeni njia moja tu, ile itokayo mjini kwenda kaskazini mpaka Bububu. Urefu wake haupati hata maili saba, lakini kandokando yake masultani walijijengea majumba ya kupumzikia, mbali na joto na makelele ya mji.

Tuliondoka kwa basi saa mbili za asubuhi. Kushoto kwetu ilikuwa bahari, shwari kama maji ya mtungini. Kulia minazi na miembe mikubwa. Kituo cha kwanza kilikuwa Maruhubi. Jumba hili lilijengwa na Sultani Barghash baina ya 1880 na 1882, na inasimuliwa kuwa alimweka humo mkewe mmoja pamoja na masuria 99. Mwaka 1899 liliteketea kwa moto. Zilizobaki ni nguzo nene zilizosimama safu kwa safu bila ya kubeba kitu, mabirika ya kuogea, na bwawa lililoota mayungiyungi. Tuliziona nguzo zile tukanyamaza, maana hata mtu asiyejua kusoma hutambua kuwa hapo palikuwa na ufalme.

Mbele kidogo ni Mtoni, jumba kongwe kuliko yote, lililojengwa na Sayyid Said bin Sultan, baba yake Barghash. Humo ndimo alimozaliwa Binti Salme mwaka 1844. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, na mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake. Mwalimu alitusimulia kutoka kitabu hicho habari za ua wa Mtoni, wenye tausi, paa na mbuni wakitembea huru, na watoto wa mfalme wakifundishwa kupanda farasi. Leo uani mle yapo magofu na upepo wa pwani tu.

Tulipita Kibweni, ikulu ya zamani za Sultani Khalifa bin Haroub, na Beit el Ras, ambako Sayyid Said alianza jumba jingine mwaka 1847 akafa mwaka 1856 kabla halijakwisha. Siku hizi hapo Beit el Ras wanasomeshwa walimu. Nami naona hayo ni matumizi mema kuliko ya kwanza.

Kutoka Bububu tulipinda kulia tukapanda vilima vya Kidichi. Huko, katikati ya viungo, yapo mahamamu yenye makuba meupe, aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Ndani kuta zimenakshiwa maua na ndege kwa ufundi wa Kiajemi. Ni pazuri kweli.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogawanyika. Sisi kwetu ni upande wa Ziwa Nyasa. Babu yangu husimulia kwamba zamani za babu yake, msichana wa ukoo wetu alikwenda kisimani na mtungi wake asirudi. Ulipatikana mtungi tu. Babu hafichi kuwa waliowateka watu walikuwa weusi kama sisi, na kuwa walionunua walingoja pwani. Kutoka Nyasa mateka walipelekwa Kilwa kwa miguu, na wengi wakavushwa Unguja kuchuma karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka 1897. Basi nilipokuwa nikitazama ndege wale wa Kidichi nilijiuliza: chokaa hii ilichomwa na nani? Mawe haya ya matumbawe yalibebwa na kichwa cha nani?

Tulipokuwa tukirudi garini yalizuka mabishano. Mwenzetu mmoja alisema magofu hayo yaachwe yaanguke, kwani ni ukumbusho wa dhuluma. Mwingine, ambaye mama yake ni mtu wa Unguja, alijibu kuwa huo ni urithi wa nyumbani kwao na ufundi wake hauna hatia. Mwalimu aliwaacha wabishane, kisha akatukumbusha methali: usione vyaelea, vimeundwa.

Mimi fikira yangu ni hii. Majumba yatunzwe, kwa sababu jiwe likianguka shahidi amekufa. Lakini yeyote anayewaonyesha wageni nguzo za Maruhubi, akitaja jina la Barghash, awataje pia wachumaji, wachoma chokaa na wapasua mawe, ijapokuwa majina yao hatunayo. Sultani ana kaburi linalojulikana. Yule msichana wa kwetu hana.

Jambo moja lilinituliza. Pale Kidichi tulimkuta mzee akianika karafuu juu ya jamvi. Tulipomwamkia shikamoo alituitikia marahaba kwa furaha, akatuonyesha jinsi ya kutenga karafuu na vikonyo. Alituambia kuwa baba yake alikuwa akichuma katika mashamba ya watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba yalipogawiwa watu eka tatu tatu, naye alipata sehemu yake. Mikarafuu ile ndiyo iliyomsomesha mzee huyu na watoto wake. Alinipa karafuu zilizojaa kiganja, akakataa fedha.

Karafuu hizo nimezifunga katika karatasi sandukuni mwangu bwenini. Likizo ikifika nitampelekea babu, nimweleze zilikotoka.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV