Deiwaka wa Kilakala: Hesabu Mbili, Daftari Moja

Msomaji, ngoja nianze na ukweli wenyewe. Sikwenda Morogoro kutafuta stori. Nilikwenda kwa sababu mimi na mume wangu tulikuwa tumemaliza wiki mbili tukiongea kama majirani: "Umeme umeisha." "Nimeshanunua." "Haya." Basi.

Chanzo? Niligundua kwamba mwenzangu, mtu wa ofisini na tai yake shingoni, usiku alikuwa anaendesha gari letu kubeba abiria kupitia programu ya simu. Mwezi wa tatu huo! Mimi nilikuwa naambiwa kuna kikao, mara kuna ripoti. Siku nilipokuta kishaufu cha hereni ya kike kwenye siti ya nyuma, nadhani unaweza kukisia nilivyolala. Aliponieleza kwamba ni cha abiria, sikumwamini. Aliponionyesha programu na orodha ya safari zake, nilimwamini, lakini hasira ikaongezeka. Kwa nini ufiche kazi halali?

Rafiki yangu mmoja akanishauri: "Tokeni mjini. Nendeni hata Moro, wikiendi moja tu." Tukaenda.

MJI KASORO BAHARI

Siku hizi Morogoro ni jirani kuliko baadhi ya mitaa ya Dar. Tangu Juni 14, 2024, treni ya mwendokasi imefanya safari ya kilometa karibu 190 kuwa ya chini ya saa mbili. Ukikaa kwenye foleni ya Mbagala jioni, mwenzako wa treni ameshafika na ameshaoga. Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari", na wana haki ya kuringa. Una kila kitu: vyuo, soko zuri, hewa safi, na huo ukuta wa kijani unaoitwa Milima ya Uluguru. Mlima Lupanga peke yake, ule unaouona ukishuka tu, umepanda zaidi ya meta 2,100 na umesimama juu ya mji kama mzee anayewaangalia wajukuu wakicheza.

Stesheni iko nje kidogo ya mji. Sisi nyumba yetu ya wageni ilikuwa Kilakala, upande wa pili kabisa, chini ya mlima. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndipo tulipokutana na bajaji ya bluu na dereva wake: shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, miwani.

"Karibuni Moro, dada. Kaka, lete begi hilo. Kilakala? Hapo ndipo nyumbani kwangu kabisa."

Mume wangu akamuuliza kama ana siku nyingi kwenye kazi.

"Mimi deiwaka tu, kaka. Bajaji ina dereva wake. Mimi naipokea saa kumi na moja jioni nikitoka shule, namrudishia tajiri saa nne usiku. Jumamosi nashika alfajiri."

"Shule unasoma?"

Akacheka. "Nafundisha. Mchana nafundisha hesabu, usiku napeleka hesabu."

Kwa ambaye hajawahi kuwa na chombo cha biashara, "hesabu" ndiyo ile fedha dereva anayompa tajiri kila siku, upate abiria usipate. Bajaji ile hesabu yake ni shilingi 20,000 kwa siku, na zamu ya mwalimu hukatwa 8,000. Mafuta juu yake. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chake, na kuna siku kinachobaki ni uchovu tu.

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia dirishani, na bajaji haina dirisha.

BARABARA INA MAJINA

Mwalimu anaendesha polepole. Nilidhani ni kwa ajili ya wageni, kumbe ndiyo kawaida yake. Tulipokaribia Msamvu alipunguza mwendo zaidi. Hapo ndipo Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliofariki walizidi 100, na wengi walikuwa vijana wa bodaboda waliofika wa kwanza kwa kuwa walikuwa na vyombo.

"Vijiwe vya mji huu vilipungua watu siku ile," alisema. "Mtu ana bodaboda ya mkataba, anadaiwa, anaona mafuta ya bure yanamwagika. Usimcheke. Mimi nafundisha watoto hesabu, lakini njaa nayo ina hesabu zake."

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Alisema Morogoro ingepaswa kuwa na madereva waangalifu kuliko mikoa yote, maana barabara imechukua majina yake makubwa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, ajali ya gari, 1965. Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Na Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali mkoani humu Aprili 12, 1984, akitokea Dodoma. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa mwaka huohuo kikapewa jina lake.

"Sasa mimi nikimbie wapi, dada? Nyumbani nina watoto wawili."

KILAKALA YENYEWE

Ukifika Kilakala unajua umefika kwa sababu joto linashuka. Miembe mikubwa, nyumba za zamani zenye nafasi, halafu barabara inaanza kuinama kuelekea mlimani. Kwa wengi wetu jina hili ni la shule: Sekondari ya Wasichana Kilakala, ile ya vipaji maalumu. Masista wa Maryknoll waliianzisha miaka ya 1950 ikiitwa Marian College, kabla haijawa ya serikali. Kama bosi wako ni mwanamke na ana msimamo usioyumba, muulize alisoma wapi. Unaweza kushangaa.

Lakini uzuri wa Kilakala ni alfajiri. Jumamosi niliamka saa kumi na moja, nikakaa barazani na khanga yangu. Kina mama wa Kiluguru walikuwa wanashuka kutoka mlimani, mmoja nyuma ya mwenzake, mizigo kichwani: ndizi, magimbi, mboga za majani, tangawizi. Wanawahi sokoni. Hawaongei kwa sauti kubwa. Unachosikia ni kandambili na maji ya kijito. Maji hayohayo ya Uluguru ndiyo yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayofika kwenye bomba lako la Dar, siku likitoa.

Mwalimu alikuja kutuchukua saa mbili asubuhi, tayari ameshapiga safari kadhaa. Tulimkodi mpaka mwanzo wa njia ya Morningside. Tukiwa tumesimama kunywa chai na vitumbua, mume wangu, ambaye tangu Dar hakuwa amenena sentensi ndefu, akamuuliza swali lililonishtua.

"Mwalimu, mkeo alichukuliaje?"

MAMA MKWE NA SHILINGI ELFU MOJA

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Kaka, mimi nilimficha miezi mitano."

Alimwambia mkewe kwamba anafundisha masomo ya ziada jioni. Haikuwa wizi wala nyumba ndogo. Ilikuwa aibu. Mwalimu mwenye digrii, wanafunzi wake wamkute kwenye foleni ya bajaji anaita abiria? Alikuwa anavaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Akiona sare ya shule yake, anajifanya anakagua tairi.

Ikawa Jumamosi moja, gizani bado, mama mmoja ameshuka na mikungu miwili ya ndizi, amechoka, anasimamisha bajaji. Mwalimu akasimama. Mama akaingia, akapanga mzigo wake, ndipo akasema "Sokoni, baba." Ile sauti! Alikuwa mama mkwe.

"Nikasema shikamoo mama. Akanyamaza. Akasema marahaba. Tukaenda mpaka sokoni hakuna aliyeongeza neno."

Hapa lazima nikuelezee kidogo, msomaji. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo nayo hupita hukohuko. Mwanaume aliyeoa huko na kulima shamba la upande wa mke anajua kwamba yeye ni mtu wa kuheshimiwa, lakini mwenye neno ni mama na wajomba. Mwalimu si Mluguru, ametoka Singida. Kwake mama mkwe si mtu wa utani hata kidogo.

Walipofika alishusha ndizi, akakataa nauli. Mama akamshika mkono, akamwekea noti ya shilingi 1,000. "Chukua. Hii ni kazi, na kazi inalipwa. Aibu ni kumwacha mwanangu asijue uko wapi usiku."

Jioni alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshajua. Hakupiga kelele. Aliweka daftari la shule mezani, la kurasa 48, akachora mstari katikati. Kushoto anaandika mume: safari, mafuta, hesabu ya tajiri, kilichobaki. Kulia anaandika mke: mauzo ya genge lake, ada, unga, mchango wa kikoba. Kila Jumapili usiku wanakaa, wanajumlisha.

"Nilikuwa naona deiwaka inaniingizia hela nyingi," mwalimu alisema. "Tulipoandika, nikakuta Jumanne na Jumatano nilikuwa nafanya kazi ya kumlipa tajiri na sheli tu. Nikaziacha siku hizo. Sasa nakula na watoto wangu."

Alilitoa daftari chini ya siti, akatuonyesha ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza kabisa, kushoto, umeandikwa: *Mama – 1,000.*

MLIMANI, BILA MTANDAO

Kupanda Morningside kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi kama hufanyi mazoezi, na sisi hatufanyi. Njia inapita mashamba yaliyoning'inia mlimani mpaka unajiuliza wanasimamaje kupalilia. Juu kuna nyumba ya enzi za Wajerumani, upepo wa baridi, na mji wote uko chini ya miguu yako, reli mpya ikipita kama uzi.

Tulikaa kwenye majani. Simu hazikuwa na mtandao. Nikamuuliza, safari hii bila kupandisha sauti: "Hela zilikuwa za nini?"

"Ada ya mdogo wangu."

Nikakaa kimya. Kwa sababu mwezi wa kwanza aliponiambia mdogo wake amekwama chuoni, nakumbuka nilichojibu. Nilisema, "Ndugu zako na wao wasubiri, na sisi tuna kodi." Nikafunga mjadala, nikaenda kuoga. Yeye hakubisha. Akachukua funguo za gari.

Siwezi kukwambia kwamba alifanya sawa. Kuficha ni kuficha, na zile wiki mbili za kukosa usingizi hakuna wa kunirudishia. Lakini mlimani pale nilikubali kwamba mlango alioutokea niliufunga mimi. Wanawake wenzangu, tunapenda kuuliza "kwa nini hukuniambia?" Mara nyingine jibu ni kwamba aliniambia, na nilishajibu.

Na nyie kaka zetu: mkeo akikuona na bajaji, na bodaboda, na gari la kubeba abiria usiku, hakudharau. Anachodharau ni kofia uliyoishusha usoni.

Tulipofika bondeni tulipita dukani tukanunua daftari, kurasa 48. Mume wangu alisema kurasa 96 zingefaa zaidi. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hereni. Kwenye treni ya kurudi tulijaza ukurasa wa kwanza, tukagombana kidogo kuhusu bei halisi ya mafuta, tukajumlisha upya. Ada ya shemeji imewekwa upande wa kulia, upande wangu. Anaendesha bado, Ijumaa na Jumamosi tu. Jumapili hatujakubaliana, kwa hiyo imeachwa wazi.

UKITAKA KWENDA

• Treni: kata tiketi mapema, hasa Ijumaa. Safari zilipoanza 2024 nauli ya kawaida ya Dar–Moro ilikuwa shilingi 13,000. Angalia ya sasa kabla ya kupanga.

• Bajaji: patana bei kabla ya kupanda, na muulize mwenyeji wa nyumba ya wageni nauli ya kawaida ni kiasi gani. Ukimpata anayeenda polepole, chukua namba yake.

• Mlimani: sehemu kubwa ya juu ni hifadhi ya msitu wa asili. Ulizia taratibu za kuingia na chukua kijana wa hapo akuongoze. Viatu vigumu, sweta, maji. Mlima ukivaa wingu asubuhi, beba na koti la mvua.

• Sokoni: Soko Kuu la Chifu Kingalu, asubuhi. Nunua ndizi na viungo kwa kina mama wenyewe, na usivutane nao sana kwa bei. Umeona walikotoka.

• Mwenzako: mwende wote. Simu ziacheni chini.