Tela Dogo na Jiko la Maguu

Kila ifikapo Juni, baridi ya milima ya Umatengo inaposhika, simu kutoka nyumbani Maguu huja na habari ile ile inayowakera watu wake walioko Kanada: jiko la mkaa limeingizwa chumbani, mlango umefungwa, na chini ya mlango limesokomezwa tambara.

Huku Kanada, jimboni Manitoba, wapo wanaokwenda kupiga kambi kwenye theluji kwa hiari yao. Hulala katika tela dogo linalovutwa na gari, kama Boler, lililoanza kutengenezwa Winnipeg mwaka 1968. Lina urefu wa futi 13 tu, na bodi yake ni vipande viwili vya faibaglasi, cha juu na cha chini, hivyo maungio ya kupenyesha maji ni machache.

Mnunuzi makini wa tela haanzi na kitanda wala runinga. Anachutama na kumulika tochi uvunguni: tangi la maji limefunikwa, au linaning'inia kwenye upepo likagande? Kisha anazunguka nje kutafuta tundu la hita ubavuni. Hita salama huvuta hewa ya nje na kutoa moshi nje. Moto wake haugusani na hewa ya waliolala.

Anauliza pia kama vioo vya dirisha ni viwili viwili. Mtungi wa gesi uwe wa propani, inayogeuka gesi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, maana butani hugoma kwenye sifuri tu. Tundu la paa huachwa wazi kidogo usiku kucha, na karibu na kitanda hufungwa kengele ya kutambua kaboni monoksaidi.

Watu wanaogandishwa na theluji wanaacha tundu wazi. Maguu tunaziba hata ufa!

Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana unaaminiwa. Lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Wamatengo hawa hawa, waliobuni ngoro, mashimo ya kushika maji na udongo milimani, wanashindwaje na dirisha?

Fedha ya kahawa ikiingia, blanketi zito litangulie spika. Moto uotwe nje au jikoni, na jiko libaki huko. Akikutwa mtu amelegea chumbani, atolewe nje upesi na kuwahishwa kituo cha afya, bila kupoteza muda kumnywesha maziwa.